Mchicha wa Kwenye Ndoo

Agatha alistaafu uhudumu wa wodi katika hospitali ya Kolandoto akiwa hajawahi hata siku moja kununua mchicha. Nyuma ya nyumba za watumishi alikuwa na matuta yake, na hata miaka ile Shinyanga ilipogeuka vumbi tupu hakukosa fungu la kuteremshia ugali. Kwa hiyo siku aliposimama mbele ya genge la Mama Nelly, uzeeni, mkoba mkononi, akichagua mchicha kama anayechagua kitenge, aliona haya kana kwamba amekutwa akiomba. Mama Nelly, mjane aliyeuza mboga kwenye njia panda ya kitongoji, hakushangaa. Alimwamkia, akamfungia mboga zake, akamtakia mchana mwema. Agatha akarudi nyumbani akipita pembeni mwa shamba lake mwenyewe, udongo mweusi wenye rutuba, magugu yamefika kiunoni, na haruhusiwi kulitia jembe.

Habari ya shamba hilo ilikuwa hivi. Mumewe, Telesphori, alizaliwa papo hapo Nyamigoye, kitongoji kilicho mwendo mzuri wa pikipiki kutoka mjini Geita. Ujana wake aliumalizia barabarani akiendesha lori la pamba Shinyanga. Huko ndiko alikooa, na huko ndiko alikopata mtoto wao wa pekee, Wilbard. Lakini siku zote alisema kwamba uzee wake atauzeekea kwa baba yake. Basi walipostaafu wakaunganisha viinua mgongo vyao, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, bati jekundu, hatua chache kutoka kaburi la mzee wake. Msimu wa kwanza walipanda mahindi na karanga, wakavuna vizuri hata wakampelekea Wilbard gunia zima kule Buseresere, alikokuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Telesphori alitembea kitongojini akiwa amenyoosha mgongo. Aliwaambia watu kwamba mwenye shamba hastaafu.

Kabla ya msimu wa pili wakaja wapimaji. Ilikuwa kampuni ya uchimbaji ambayo watu hata jina lake walikuwa hawajalizoea. Walipima nyumba, wakahesabu miti na migomba, wakaandika namba ya rangi nyekundu ukutani, na nyingine wakaiandika kwenye kaburi la mzee. Kisha wakaitisha mkutano. Walieleza kwamba chini ya Nyamigoye kuna dhahabu, kwamba kitongoji kizima kitahamishwa, na kila kaya itajengewa nyumba mahali patakapotajwa. Mpaka siku hiyo ifike, mtu asijenge, asikarabati, asipande. Atakayegusa ardhi baada ya tathmini atahesabiwa ametegesha. Kutegesha, kwa lugha ya maeneo ya migodi, ni kusimamisha kibanda au kuchomeka miche haraka haraka ili kampuni ikufidie kitu ambacho hukuwa nacho. Waliotegesha, walisema wapimaji, wataachwa.

Wakasema pia kwamba ni jambo la miezi michache tu.

Ile miezi ikazaa misimu. Mvua ilikuja ikakuta watu wamekaa vibarazani wakiitazama inavyopotea bure. Upepo ukainua bati moja la chumba cha uani, na kwa kuwa kukarabati kumekatazwa, wakawa wanatega beseni usiku kucha. Agatha alikuwa mtu wa kustahimili. Kazi ya wodi ilikuwa imemfundisha kukaa karibu na mambo asiyoweza kuyabadilisha. Kilichomtisha ni mumewe. Mtu aliyewahi kulala chali kwenye tope chini ya lori akifungua gia boksi, sasa alikaa kwenye kiti cha kamba tangu asubuhi, miguu ameinyoosha, akisikiliza magari ya barabarani na kuyataja aina zake kwa sauti ndogo. Ndevu alizoea kuzinyoa kila siku, akaziacha. Akawa anaomba aletewe maji ya kunywa, ilhali mtungi u nyuma ya mlango.

Na pensheni yao, ambayo walidhani ingetosha kwa vile chakula kingetoka shambani, ikawa inakatwakatwa. Kulikuwa na dawa za Telesphori za presha, unga, mafuta, sabuni, na sasa hata majani. Wilbard alituma alichoweza, lakini naye alikuwa na watoto shuleni. Ndipo Agatha alipoanza kuikwepa njia panda siku nyingine, wakala ugali na chumvi, akimdanganya mumewe kwamba Mama Nelly hakufungua genge.

Wazo la ndoo lilimjia siku alipokuwa akifagia stoo. Aliikuta ndoo iliyopasuka ubavuni, akaishika akitafuta pa kuitupa, akamkumbuka muuguzi mmoja wa wodi ya akina mama aliyekuwa akiotesha vitunguu vya majani ndani ya kopo la maziwa kwenye kizingiti cha dirisha. Akatoka nayo mpaka kwa mumewe.

"Baba Wilbard," akamwuliza, "hii ni ardhi?"

Telesphori aliitazama ndoo, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze akacheka.

"Hiyo ni ndoo," alisema.

Hata hivyo Agatha hakutaka kufanya jambo kwa kuvizia. Alijifunga kitenge akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Boaz, mtu mpole mwenye macho ya uchovu, ambaye tangu wapimaji waje alikuwa akiulizwa maswali mengi kuliko majibu aliyopewa. Boaz akasema yeye haoni shida, ndoo haijachimbwa wala haijajengwa, mtu anaweza kuibeba akaondoka nayo. Halafu alipomsindikiza mpaka barabarani akamwomba asiseme popote kwamba mwenyekiti ndiye aliyeruhusu.

Udongo aliuchukua kwenye kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya barabara, nje ya eneo lililopimwa. Samadi aliipata kwa Mayala, mfugaji Msukuma ambaye zizi lake lilikuwa bondeni.

"Mwadila, mayu," Mayala alimsalimu, na alipoelezwa samadi ni ya nini akacheka sana. Alisema amewahi kuona watu wakilima mlimani, wakilima mtoni, lakini kulima ndani ya beseni ndiyo kwanza. Akamjazia viroba viwili, na kesho yake akamletea vingine bila kuombwa.

Telesphori alikuwa akitazama kutoka kitini. Alimwona mkewe akihangaika kutoboa dumu kwa kisu, akavumilia, akavumilia tena, mwishowe akanyanyuka. Alimwambia kwamba kwa kisu atajikata, na dumu litapasuka. Akatia msumari mrefu kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, na kutoboa kitako cha dumu matundu yaliyopangwa sawasawa kama ya kichujio. Siku ile alitoboa madumu yote yaliyokuwa stoo. Siku iliyofuata alikata tairi kuukuu la lori, akaligeuza ndani nje likawa kama sinia kubwa. Jioni alinyoa ndevu.

Basi mbele ya ile nyumba yenye namba nyekundu ikaota bustani. Kwenye mabeseni kulikuwa na mchicha, kwenye madumu chainizi na mgagani, kwenye viroba matembele yaliyoning'inia hadi chini, na kwenye tairi nyanya chungu. Sufuria iliyotoboka ikabeba pilipili. Nyanya, ambazo Telesphori alizichukua kuwa zake, zilikaa kwenye ndoo za rangi kando ya ukuta, naye alizizungusha kufuata jua kama mtu anayepanga magari yadi. Maji yalikuwa ya shida, pampu ya kijiji ilikuwa mbali na foleni ndefu, lakini maji ya kuoshea mchele na ya kunawia hayakumwagwa tena ovyo. Wadudu mafuta walipovamia chainizi, Agatha aliwanyunyizia maji ya sabuni na pilipili, na wasipokufa aliwafuta kwa vidole, jani kwa jani.

Wakaacha kununua mboga. Nyingine zikabaki, Agatha akazianika ziwe nsansa, mboga kavu za kiangazi, na zilizozidi alimpelekea Mama Nelly auze. Jumapili moja walikula nyama. Telesphori alikula polepole, akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema mapishi yamekuwa ya Shinyanga. Agatha akaanza kukusanya vyombo. Aliona akisema neno ataharibu.

Majirani wakaja kutazama, na waliotazama wakaenda kutafuta ndoo. Telesphori alikuwa akiitwa nyumba hii na ile kutoboa madumu, akienda na msumari wake na koleo, na kila alipokwenda aliketishwa akapewa uji. Haikupita mihula miwili ya shule, Nyamigoye nzima ikawa na majani milangoni. Mtu aliyepita barabarani angedhani watu wale wamerudi mashambani.

Hapo ndipo balaa ilipoanzia, maana kweli mtu alipita barabarani.

Gari jeupe la kampuni lilisimama mbele ya nyumba ya Agatha asubuhi moja, akashuka kijana aliyevaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Edson, ofisa mahusiano. Aliivua kofia kabla ya kusalimia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

Walimwitikia, wakamletea kiti. Hakukaa. Alizunguka bustani akiitazama, na Agatha aliona kwamba ameipenda, kwa jinsi alivyogusa nyanya kwa ncha ya kidole. Kisha akatoa simu akaanza kupiga picha. Alipiga ndoo, alipiga madumu, alipiga tairi, akahakikisha namba ya nyumba inaonekana nyuma. Telesphori alimwuliza picha hizo ni za nini. Edson akasema juu wamesikia kwamba watu wa Nyamigoye wameanza kutegesha upya, naye ametumwa aone.

Agatha alimweleza. Alieleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza ndugu wa mgonjwa, kwamba hawakuchimba kitu, udongo umetoka nje ya mpaka, vyombo ni vyao, siku ya kuhama wataondoka navyo mgongoni, na hakuna fidia yoyote wanayodai kwa ajili ya mchicha. Wanaula tu. Kijana alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mama, mimi mwenyewe naona ni mboga," alisema. "Lakini aliye ofisini hataona mboga. Ataona picha, na kwenye picha kitu kimepandwa."

"Kwa hiyo tuondoe?"

"Sijasema muondoe. Nitauliza. Ila kama ningekuwa mwanenu, ningewaambia msiongeze mpaka jibu lije."

Akavaa kofia yake, akaaga kwa heshima, akaenda nyumba iliyofuata.

Agatha hakungoja jibu limfuate. Alikwenda kwa Boaz. Boaz akamwambia kwamba suala limemzidi kimo, na kwa uso wake Agatha aliona ana hofu kwamba atatajwa. Akaenda ofisi ya kata, akaambiwa hayo ni makubaliano ya kampuni na wananchi. Akapanda bodaboda mpaka Geita, akapita kati ya wanunuzi wa dhahabu wenye mizani zao na vijana wa machimbo wenye vumbi hadi kwenye kope, akafika kwenye kibanda cha walinzi cha ofisi ya kampuni. Mlinzi alimpa kiti kivulini na maji ya kunywa. Mchana akatoka msichana mmoja, nadhifu, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema ujumbe wake utafikishwa. Agatha alimwuliza utafikishwa kwa nani. Msichana akafikiri kidogo, akasema kwa wahusika.

Njiani kurudi alijaribu kuwaza nani amemkosea, ili angalau apate mtu wa kumkasirikia. Hakumpata. Wote walikuwa na adabu. Wote walimwita mama. Wodini alizoea kwamba hata daktari akiwa mkali, mwisho wa siku atasema huyu atapona au hatapona. Hapa hapakuwa na mtu wa kusema neno hilo.

Nyumbani, Telesphori alikuwa amerudi kitini. Kijana Edson alikuwa amewaambia majirani maneno yaleyale, na yalivyozidi kutembea yakazidi kukua. Ilifika mahali watu wakasema kaya zenye ndoo zimeshatengwa na nyumba zao hazitajengwa. Wengine walikuja kumwuliza Telesphori, kwa kuwa yeye ndiye aliyewatobolea, kama wana hatia. Hawakumlaumu, waliuliza tu, lakini baada ya kila mmoja kuondoka alikuwa akikaa muda mrefu akiviminya vidole vyake. Akaacha kuzungusha nyanya. Usiku alijigeuza geuza. Siku moja alishtuka akashika kifua, Agatha akampima presha kwa kile kipimo alichopewa zawadi ya kustaafu, akakisoma mara mbili, akakifungia kabatini.

"Tukiachwa hapa," Telesphori alimwambia asubuhi ile, "watu wote wakishahamishwa, mashine zikiwa zinachimba hapo uani, tutakwenda wapi? Kwa Wilbard? Tukalale dukani kwake?"

Agatha akasema hawajaachwa bado. Akasema wangojee jibu. Alijisikia akisema na hakuamini.

Jumapili iliyofuata alikwenda misa kigangoni peke yake. Telesphori alisema miguu inamuuma. Misa ilikuwa ndefu, kulikuwa na ubatizo, na alipotoka jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alipoikaribia nyumba aliona kwamba kuna jambo, kwa sababu ukuta ulikuwa ukionekana wote, hadi chini kwenye msingi.

Vyombo vyote vilikuwa vitupu. Ndoo zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, madumu yamesimamishwa mstari, mabeseni yamefunikwa yakauke. Udongo ulikuwa umebebwa na toroli mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye kichuguu ulikotoka. Mboga hazikutupwa. Telesphori alizikata zote, zilizokomaa na changa, akazifunga mafungu kwa kamba za migomba na kuzilaza juu ya mkeka barazani, fungu juu ya fungu, na nyanya mbichi kwenye ungo. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono imechafuka hadi viwikoni, shati limelowa.

Hakusubiri aulizwe.

"Nimeviosha vyote," alisema.

Agatha aliweka kitabu chake cha sala dirishani. Kulikuwa na maneno mengi yaliyomjia, na kila moja alilolishika aliliona ni la kumpiga mtu ambaye tayari yuko chini. Wangekula nini kesho. Kwa nini hakumngoja arudi wafanye pamoja. Zile nyanya zilibakiza wiki, wiki na nusu. Akamtazama alivyokuwa akihema, akaenda kuleta maji, akakaa karibu naye kwenye ngazi, akamnawisha mikono kama alivyowanawisha wagonjwa.

"Ungepumzika katikati," alimwambia.

"Nilitaka nimalize kabla hujarudi. Ungenitazama, nisingeweza."

Majirani waliokuwa wakitoka kanisani walipita wakaona. Mtu aliyekuwa wa kwanza kupanda akiwa wa kwanza kung'oa, wao ni nani wabaki? Mchana huo huo Nyamigoye ilisikika ikimwaga udongo, nyumba baada ya nyumba, bila kelele, na jioni moshi wa kila jiko ulinuka mchicha. Walikula wakashiba. Waligawiana hadi wakakosa wa kumpa. Mayala alikuja kuchukua mabua kwa ajili ya ndama wake, akasimama kidogo mbele ya madumu yaliyopangwa, akasema wabeja, asante, akaondoka bila utani wowote. Agatha alianika alizoweza kuanika, lakini zilikuwa nyingi kuliko jua lililobaki, na kesho yake mafungu ya chini yalikuwa yameshakuwa ya manjano.

Jibu la kampuni halikuja wiki hiyo, wala mwezi huo. Telesphori alianza kula dawa zaidi na chakula kidogo. Agatha alimwandalia ugali na dagaa, akazoea tena kuhesabu siku za kupita njia panda na siku za kuikwepa. Nsansa ziliisha mapema. Alipompigia Wilbard simu, mtoto alikasirika, akasema yeye angekuwepo asingekubali, angewauliza watu hao sheria gani inakataza ndoo. Agatha akamwacha aseme mpaka amalize. Alijua kwamba hakuna wa kumwuliza, lakini hakutaka mtoto alijue hilo mapema mno.

Ulipoitishwa mkutano mwingine, watu walikwenda wakidhani ni tangazo la kuhama. Walivaa vizuri. Edson hakuwepo, waliambiwa amehamishiwa mradi mwingine mkoa mwingine. Mahali pake alikuja mtu mzima kidogo, mwenye sauti nzuri ya kuhutubia, akawashukuru kwa uvumilivu. Akaeleza kwamba tathmini ile ya kwanza imepitwa na wakati, haiwezi kutumika tena, hivyo itarudiwa yote tangu mwanzo. Wapimaji watakuja juma lijalo. Masharti ni yaleyale, yanaanza upya siku watakapopima. Aliuliza kama kuna swali.

Boaz alikuwa akitazama viatu vyake. Agatha akasimama. Hakupanga kusimama, magoti yalimpeleka.

"Naomba kuuliza habari ya ndoo," alisema. "Mtu akipanda mboga kwenye ndoo, amepanda kwenye ardhi au hajapanda?"

Watu wachache walicheka, si kwa ubaya. Yule bwana alitabasamu naye, kisha alipoona mama hatabasamu akawa makini. Akamwuliza ndoo zipi. Agatha akamweleza. Bwana akasema hajapata taarifa yoyote ya ndoo katika makabidhiano, ni swali zuri, atalichukua. Akaandika kitu. Agatha akamshukuru akakaa, na Telesphori, aliyekuwa karibu naye kwenye benchi, akamvutia kitenge kidogo kumfunika bega, ingawa hapakuwa na baridi.

Walirudi polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Karibu na nyumbani Telesphori alimwambia mkewe kwamba ile mara ya kwanza wapimaji walimpiga picha akiwa na singlendi, na jambo hilo limekuwa likimkera muda wote huu. Alitaka safari hii awe amevaa shati. Basi Agatha aliliosha shati lake jeupe la misa, akaliwekea wanga kidogo kwenye kola, akalipiga pasi ya mkaa.

Siku yenyewe Telesphori alivaa tangu asubuhi. Wapimaji hawakuonekana. Jua lilipopanda akataka kulivua shati lisiingie jasho, Agatha akamshauri akae nalo, maana wanaweza kufika wakati wowote. Alasiri ndipo walipofika, vijana wapya, wasiojua njia za kitongoji. Walipima nyumba, wakahesabu miti. Mmoja alizunguka uani akaona madumu na ndoo zilizopangwa, akaziruka akaendelea. Waliwasimamisha mume na mke mlangoni wakawapiga picha, na mwingine akaandika namba mpya ya buluu pembeni mwa ile nyekundu. Kisha wakaenda kaburini kufanya vilevile.

Waliporudi, mkubwa wao alimsomea Telesphori kila kitu walichoandika, akamwuliza kama kuna kingine chochote alicho nacho hapo ambacho hakijatajwa.

Telesphori alifikiri kweli kweli, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Hakuna," alisema.

Kijana akamshukuru, akamkumbusha kwamba kuanzia leo wasipande kitu. Agatha akaitikia sawa, mwanangu, akawasindikiza mpaka barabarani.